Oveni ya jiko la kusimama: miezi 14 ya mguu wa mbuzi na viazi

Jiko hili lilifika nyumbani kwangu Tabata, Dar es Salaam, mwezi Novemba 2023, likiwa limefungwa kwa maboksi na kamba juu ya guta, na tangu siku hiyo nimelitumia karibu kila Jumapili kwa kazi moja ambayo kwa maoni yangu ndiyo mtihani wa kweli wa oveni yoyote: kuoka nyama na viazi kwa pamoja, vitoke kwa wakati mmoja, nyama ikiwa imelainika hadi mfupani na viazi vikiwa vimekauka kwa nje na kubaki laini kwa ndani. Keki si mtihani mkubwa. Mama zetu waliioka katika sufuria, mkaa juu na mkaa chini, na ikatoka nzuri kuliko nyingi zinazotoka katika oveni za leo. Anayeizoea oveni mbovu hupata keki nzuri vilevile. Nyama na viazi ni vitu viwili vinavyogombania joto moja, na oveni isiyoaminika huumbuka hapo.

Ni jiko la sentimita 60 kwa 60, lenye pleti tatu za gesi na moja ya umeme kwa juu, na oveni ya umeme chini yake yenye koili mbili, ya chini na ya juu, ambazo kibati kilichobandikwa mgongoni kinasema zina jumla ya wati 2,200. Ndani ya oveni hamna feni. Nililinunua Kariakoo kwa shilingi 980,000. Chapa yake siitaji, na duka silitaji vilevile, kwa kuwa mengi nitakayoyaeleza yanayahusu majiko ya bei hii kwa jumla, na anayefikiria kununua jiko la namna hii atafaidika zaidi kwa kujua mambo ya kukagua kuliko kwa kujua jina la kuliepuka. Pleti za gesi sina la kuzilalamikia: zinawaka kwa moto wa bluu, haziachi masizi kwenye sufuria, basi niziache hapo.

Tatizo la kwanza lilianzia kwenye kijitabu cha maelekezo. Kina jedwali la ukurasa mmoja, na mstari wa nyama na viazi unasema nyuzi 180, dakika 60 hadi 75. Hakisemi nyama ya mnyama gani, ya uzito gani, yenye mfupa au isiyo na mfupa, wala kama viazi ni vizima au vimekatwa; na ingawa kimeandikwa kwa lugha nne, Kiswahili hakimo. Mimi nilikiamini. Nilinunua Vingunguti mguu wa mbuzi wa kilo 1.9, nikachukua soko la Buguruni kilo moja na nusu ya viazi vya Njombe, nikaupaka mguu tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, pilipili manga na chumvi, nikavikata viazi vipande vinne vinne na kuvipanga kuuzunguka mguu katika trei nyeusi yenye kina iliyokuja na jiko, kisha nikazungusha kitasa hadi 180 na kuhesabu dakika 75 bila kufungua mlango.

Kilichotoka kilikuwa na rangi ya kijivu. Nyama ya juu ilikuwa imeiva lakini ya karibu na mfupa ilikuwa bado inavuta kama mpira, na viazi vilikuwa vimekaa ndani ya supu hadi nusu ya kimo chao, vikiwa laini kwa chini na vyeupe kwa juu. Mama mkwe alikuwa amefika kutoka Tanga siku mbili kabla. Alichoma kipande kimoja cha kiazi kwa uma, akakigeuza, akakitazama upande wa pili, kisha akaniuliza kwa ule upole unaouma kuliko ukali:

"Mwanangu, viazi hivi uliviokea oveni au uliviinjika?"

"Nilivioka, mama."

"Haya," akasema, na akasogeza sahani ya wali karibu.

Kosa lilikuwa langu kwa sehemu, la kijitabu kwa sehemu, na la oveni kwa sehemu kubwa, lakini kulitenganisha kulinichukua wiki kadhaa. Nianze na lile lisilo la oveni. Kiazi ni maji kwa takriban asilimia 80, na maadamu uso wake una unyevu, joto la uso huo haliwezi kupanda sana juu ya nyuzi 100, hata oveni iwe na nyuzi 250. Rangi ya hudhurungi na ile harufu ya kuokwa huanza kuja kwa kasi uso ukishakauka na kupita nyuzi 140 hivi. Mguu wa mbuzi, kwa upande wake, unaweza kupoteza robo ya uzito wake wakati wa kuiva, maana yake ni karibu nusu lita ya maji na mafuta yanayoshuka juu ya viazi na kuvigeuza kuwa viazi vya supu. Tena mbuzi wetu ni mnyama aliyetembea. Mguu wake umejaa nyuzinyuzi na kano ambazo hazilainiki nyama inapofikia nyuzi 65 na kuonekana imeiva. Huanza kuyeyuka joto la ndani likishapita nyuzi 70, na hata hapo zinahitaji saa nzima au zaidi. Nyama inataka joto la wastani kwa muda mrefu ikiwa imefunikwa, viazi vinataka joto kali kwa muda mfupi vikiwa wazi, na nyuzi 180 za kijitabu ni suluhu inayowanyima haki pande zote mbili.

Sasa lile la oveni. Baada ya jaribio la pili kutoka vilevile, nilinunua kipimajoto cha oveni, kile cha duara kinachoning'inizwa kwenye wavu, pamoja na kipimajoto cha sindano cha kuchoma nyama. Cha sindano nilikipima kwanza kwenye maji yanayochemka, nikapata 100 kama inavyotakiwa kwa sisi tunaoishi usawa wa bahari. Aliye Nairobi au Mbeya asishtuke akipata 94 au 95, kwa kuwa huko juu maji huchemkia hapo. Kisha nikawasha oveni tupu. Kitasa kikiwa 180, taa ya rangi ya chungwa ilizimika baada ya dakika 11, ishara ambayo kijitabu kinasema ina maana kwamba oveni iko tayari, lakini kipimajoto kilisoma 150. Nilingoja. Taa iliwaka na kuzimika mara kadhaa, na baada ya dakika 25 joto lilitulia likicheza kati ya 150 na 168. Nilipokipeleka kitasa hadi 220 nilipata kati ya 190 na 205. Kwa maneno mengine, themostati ya jiko hili, yaani kifaa kinachodhibiti joto la oveni, inapunguza karibu nyuzi 20, na taa yake inatangaza utayari kabla ya kuta za oveni kupata moto. Nilihamisha kipimajoto kutoka mbele hadi nyuma, nikakuta nyuma kuna moto zaidi kwa nyuzi 15 hivi, jambo la kawaida kwa oveni isiyo na feni ambayo mlango wake unavujisha joto kidogo.

Je, tofauti ya nyuzi 20 ni kasoro ya kulirudishia jiko dukani? Kwa maoni yangu hapana. Majiko ya bei hii mengi yana tofauti ya namna hiyo, na kosa lisilobadilika linaweza kuzoeleka, kama saa ya ukutani iliyo nyuma kwa dakika tano zilezile siku zote. Kinachonikera ni taa, kwa sababu mpishi mgeni hana njia nyingine ya kujua, naye huingiza nyama katika oveni ambayo haijawa tayari na kuanza kuhesabu dakika za uongo.

Lipo jambo la tatu ambalo si la jiko wala la mpishi. Nilipooka jioni, saa moja hadi saa tatu usiku, wakati mtaa mzima umewasha kila kitu na umeme umekuwa mdogo, kila kitu kilichelewa kwa nusu saa. Nguvu ya koili hushuka haraka kuliko umeme wenyewe: volti zikipungua kutoka 230 hadi 200, koili za wati 2,200 hutoa wati 1,660 tu hivi, yaani robo nzima imepotea. Themostati haiwezi kuumba moto usiokuwepo. Ndiyo maana siku hizi naoka kuanzia saa nne asubuhi, na ninayempa ushauri namwambia vilevile asitumie ekstensheni, kwa kuwa mzigo huu unavuta karibu ampea 10, na ekstensheni nyembamba za dukani hupata moto kabla ya nyama.

Utaratibu nilioufikia, baada ya miguu mingi ya mbuzi, ni huu, na joto ninalolitaja ni la kipimajoto, si la kitasa. Mguu wa karibu kilo mbili unapakwa viungo tangu usiku. Wanaotumia papai bichi, kama ilivyo desturi ya pwani kwa mishkaki, wasilipake zaidi ya saa moja au mbili, kwani likilala usiku kucha nyama ya juu inakuwa kama uji ilhali ya ndani haijaguswa. Oveni inawashwa dakika 25 kabla. Mguu unaingia kwenye trei ukiwa na nusu kikombe cha maji chini yake, umefunikwa kwa foili iliyobanwa pembeni, kwa nyuzi 160, ambazo kwa kitasa changu ni kama 185, kwa saa moja na dakika 45. Muda huo ukiisha sindano inachomwa katikati ya paja bila kugusa mfupa, na ninataka kusoma si chini ya 85. Anayesoma 70 ataambiwa na vitabu vya Ulaya kwamba nyama imeiva kupita kiasi, na kwa mwanakondoo mchanga wa huko ni kweli, ila kwa beberu wa Dodoma nyuzi 70 ni mwanzo wa safari.

Wakati mguu uko ndani, viazi vinamenywa na kukatwa vipande vya sentimita nne, na vinachemshwa kwa maji ya chumvi yenye nusu kijiko cha chai cha magadi soda kwa dakika nane, hadi kingo zinaanza kulegea. Magadi huuvunja uso wa kiazi ukawa na chembechembe, na chembechembe hizo ndizo zitakazokauka na kulia karakara mdomoni. Maji yanamwagwa, sufuria inaachwa wazi dakika tano mvuke utoke, kisha inatikiswa mara tatu nne kwa nguvu. Hatua ya mvuke ndiyo wengi wanaoiruka. Kiazi kilichoingia oveni kikiwa na maji usoni kitatumia robo saa ya kwanza kukausha maji hayo badala ya kuokeka.

Mguu unatolewa, supu yake inamiminwa kwenye sufuria ndogo kwa ajili ya mchuzi, na kitasa kinapandishwa hadi 225 ili kupata nyuzi 205 za kweli. Trei nyingine, fupi ya kimo, inaingia na vijiko vitano vya mafuta ili ipate moto peke yake kwa dakika kumi. Viazi vinapomwagwa humo lazima visikike vikichachatika, na visipochachatika ni heri kuvirudisha kwenye sufuria na kungoja. Trei hii inakaa kwenye ngazi ya pili kutoka chini. Mguu, sasa ukiwa wazi, unalala juu ya wavu kwenye ngazi ya juu yake, na kwa kuwa maji yake mengi yameshatoka, kinachodondokea viazi ni mafuta machache tu, ambayo yanakaribishwa. Baada ya dakika 25 mguu umepata rangi. Unatoka, unafunikwa kwa foili bila kubanwa, unapumzika dakika 20, na katika dakika hizo 20 viazi vinageuzwa, trei inazungushwa ili ya mbele iwe nyuma, na oveni yote inakuwa yao. Hapo ndipo palipokuwa na ufunguo nilioukosa miezi mitatu ya kwanza: nilikuwa ninatafuta joto moja la kuviivisha vyote viwili, kumbe muda wa nyama kupumzika ni muda wa bure kwa viazi, na kisu kinapoingia nyamani viazi ndiyo kwanza vinatoka vikiwa na rangi ya maandazi.

Kuku wa kisasa ni rahisi zaidi, kwa kuwa hapo nyama na viazi karibu vinakubaliana. Kuku wa kilo 1.3 anaiva kwa nyuzi 200 kwa dakika 65 hivi, sindano ikisoma 74 katika sehemu nene ya paja, na viazi vibichi vya sentimita nne vinahitaji muda uleule, mradi vimepakwa mafuta na havikurundikwa. Kuku wa kienyeji asidanganye mtu, achemshwe kwanza. Kwa sarara ya ng'ombe mambo yanageuka kabisa, maana kilo moja kwa nyuzi 200 huchukua dakika 45 kufika 65 hadi 70 kwa ndani, kiwango ambacho watu wa nyumba yangu wanakubali kukila, na kwa hiyo ni viazi vinavyotangulia kwa dakika 20, na nyama ndiyo inayofuata.

Trei iliyokuja na jiko naihesabu kuwa sehemu dhaifu kuliko zote, dhaifu kuliko hata themostati. Ina kina cha sentimita tano, inajaza upana wote wa oveni, na inafanya madhara mawili kwa pamoja: kuta zake zinauzuia mvuke wa viazi usitoke, na upana wake unauzuia moto wa koili ya chini usipande pembeni kwenda juu. Kwa mguu uliofunikwa inafaa sana. Kwa viazi haifai kabisa. Trei fupi ya aluminiamu niliyoinunua kwa shilingi 12,000, iliyo nyembamba kuliko oveni kwa vidole vinne kila upande, ilibadilisha matokeo kuliko jambo lolote jingine nililolifanya, ukiacha kipimajoto.

Mlango nao una tabia zake. Kioo kiko safi na taa ya ndani inaangaza vya kutosha kuona rangi, na hilo ni jambo la kushukuru, kwa sababu kila ninapofungua kwa nusu dakika joto linashuka kutoka 200 hadi karibu 155 na huchukua dakika saba kurudi. Wenye watoto wanaopenda kuchungulia waongeze hesabu hiyo. Mpira wa mlango umeanza kulegea kona ya juu kushoto tangu mwezi wa kumi, na mkono ukipita hapo unasikia hewa ya moto.

Gharama ya umeme niliipima kwa kusoma mita ya LUKU kabla na baada: kazi nzima ya mguu na viazi, karibu saa tatu tangu kuwasha, ilikula uniti 3.9, na kwa bei ninayonunulia ya shilingi 350 na ushei kwa uniti hiyo ni karibu shilingi 1,400. Kuku na viazi hula chini ya uniti mbili na nusu. Mkaa wa kuchomea mguu kama huo nyumbani kwangu haupungui bei hiyo, bila kuhesabu moshi na mtu wa kuusimamia. Kuliwasha jiko hili wakati wa kiangazi, hata hivyo, ni adhabu, kwa sababu kuta zake za pembeni zinatoa joto jingi na kabati lililo karibu nalo lapaswa kusogezwa angalau sentimita kumi.

Kuhusu huduma, duka liliahidi fundi wa kuja kurekebisha themostati ndani ya wiki moja. Nilipiga simu mara nne. Mara ya kwanza fundi alikuwa safarini, mara ya pili alikuwa njiani, mara ya tatu simu ilipokelewa na mtu aliyeniuliza mimi ni nani, na mara ya nne nilishauriwa, kwa heshima zote, niongeze tu kitasa kidogo. Ushauri huo, ukiutazama vizuri, ni sahihi, ila nilitarajia nitapewa na fundi.

Ningelinunua tena? Kwa bei ile, ndiyo, kwa sharti kwamba katika hesabu niweke shilingi 40,000 za vipimajoto viwili na trei fupi, na kwamba mwenye nyumba akubali kulisoma jiko mwezi mzima kabla ya kualika wageni. Anayetaka kuweka chakula na kuondoka, atafute lenye feni, na aongeze fedha. Katika oveni za namna hiyo joto la kitasa hupunguzwa nyuzi 20 hivi kutoka lile la mapishi ya kawaida, jambo ambalo kwa oveni yangu lingekuwa maafa. Mama mkwe amerudi mara mbili tangu siku ile. Mara ya mwisho alijipakulia viazi mara ya pili bila kusema neno, na nilipomtazama akasema tu kwamba chumvi ingeongezwa kidogo.

Namba za kweli nimeziandika kwa kalamu ya wino mzito kando ya kitasa, 160 mahali pa 185 na 205 mahali pa 225. Dada wa kazi amezifuta mara mbili kwa steelwool akidhani ni uchafu, nami nimeziandika upya.